Muuaji Tunamjua Tayari

Kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 10 Juni mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu wa Kisangani. Makombora yalivuka mto Tshopo yakaangukia nyumba za watu. Mamia ya raia walikufa, na wengi walionusurika walibaki bila mguu, bila mkono au bila paa. Hakuhitajika mpelelezi wa kutafuta nyayo. Kila mtoto wa mitaa ya Makiso au Mangobo aliweza kukutajia bendera zote mbili. Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ilitamka mwaka 2005 kwamba Uganda inawajibika kwa iliyoyafanya Kongo, kisha ikapita miaka mingine zaidi ya 16 kabla ya kutajwa kiasi cha fidia, dola milioni 325, Februari 2022. Kesi dhidi ya Rwanda haikufika hata huko, kwa sababu mahakama ilijiona haina mamlaka ya kuisikiliza.

Nataka kuzungumzia tamthilia za uhalifu za televisheni, na katika mji huu sioni njia ya kuzizungumzia bila kupita hapo kwanza. Tamthilia ya uhalifu tuliyoizoea imejengwa juu ya swali la nani. Maiti inaonekana, watu watano wanashukiwa, wanne wanaondolewa mmoja mmoja, wa tano anavishwa pingu, na watazamaji wanakwenda kulala wametulia. Utulivu huo unategemea mambo mengi yawe yapo tayari: polisi anayefika anapoitwa, gari lake lina mafuta, hakimu amelipwa, gereza lina ukuta. Kwa mtu wa Kisangani, nani ndiyo sehemu rahisi. Mwizi wa mtaani anajulikana kwa jina la utani. Askari aliyepiga anajulikana zamu yake. Mama aliyemfungia mtoto ndani kwa madai ya uchawi anajulikana hadi kanisa analosali. Kigumu kinakuja baadaye. Ukishajua, utafanya nini? Utashtaki kwa nauli ya nani? Na jioni utarudije kuchota maji kwenye bomba lilelile na ndugu za uliyemtaja?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: tamthilia ya uhalifu inastahili muda wetu pale inapotupa mtu wa kuishi naye hata baada ya jina la mhalifu kujulikana. Jina linaweza kutajwa dakika ya kwanza. Hatupotezi kitu.

Kuna sababu nyingine pia, ya kawaida kabisa. Umeme wa bwawa la Tshopo hautoshi tena mji uliokua kuipita mitambo yake. Umekaa, kisa kimekolea, umeme unakatika. Kesho yake unamwuliza jirani mwenye jenereta ikawaje. Kama tamthilia ilikuwa ya kumtafuta muuaji, atakujibu kwa neno moja, na ukishalipata huna haja ya kuendelea kutazama. Lakini kama ulikuwa umemzoea mtu, utauliza mengine. Alimwambia mkewe? Alikwenda mazishini? Alizipokea zile pesa? Jirani atavuta kiti, atakueleza kwa upande wake, nawe utamkatalia, na anayepita na toleka, teksi yetu ya baiskeli, atasimama ili naye aseme lake. Tamthilia inayozaa ubishi wa namna hiyo mimi naiheshimu. Ile inayozaa jibu la neno moja naisahau kabla umeme haujarudi.

Sisemi fumbo ni upuuzi. Wanaotazama televisheni kwa Kifaransa wanamkumbuka Derrick, yule mpelelezi wa Munich aliyeonyeshwa kuanzia 1974 hadi 1998, visa 281, katika nchi zaidi ya mia moja. Karibu hatukumjua nyumbani kwake. Alikuwa koti, macho mazito na upole wa kutisha, na watu walimpenda hivyohivyo. Columbo wa Wamarekani alikwenda mbali zaidi, kwa sababu alituonyesha muuaji mwanzoni kabisa. Saa nzima iliyofuata ilikuwa mtu mwenye koti lililokunjamana akimsumbua tajiri sebuleni kwake, mmoja akijifanya mjinga na mwingine akijifanya mtulivu. Hatukuwa tukingoja jina. Tulikuwa tukitazama kiburi kikivuliwa nguo taratibu. Na kwa Kiswahili, muda mrefu kabla ya televisheni kuingia nyumba nyingi, mwandishi Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alikuwa na mpelelezi wake, Bwana Msa. Waliosoma *Mzimu wa Watu wa Kale* ujanani huwa hawakumbuki vizuri nani aliua. Wanakumbuka kiko cha Bwana Msa na namna yake ya kuzungumza na watu.

Sasa nije kwetu. Tamthilia bora ya polisi iliyowahi kutoka Kisangani si tamthilia. Ni filamu ya maisha halisi ya dakika 72, *Maman Colonelle*, ya Dieudo Hamadi, iliyotoka mwaka 2017. Hamadi alizaliwa hapa Kisangani mwaka 1984 na alianza na masomo ya tiba kabla ya kushika kamera. Filamu ilionyeshwa kwanza Berlin, kisha ikachukua tuzo kuu ya tamasha la Cinéma du Réel mjini Paris. Inamfuata Kanali Honorine Munyole wa polisi ya Kongo, mjane mwenye watoto, mkuu wa kikosi cha kulinda watoto na kupambana na ubakaji. Amefanya kazi miaka kumi na mitano Bukavu, na wanawake wa huko wamemzoea. Linakuja agizo la uhamisho: aende Kisangani.

Tazama filamu inavyoanza. Hakuna mlio wa risasi wala maiti. Kuna kuaga, na wanawake wanaolia kwa sababu mlinzi wao anaondoka. Kuna vyombo vya nyumbani vya kufunga na kusafirisha. Mwandishi wa tamthilia mwenye haraka angekata sehemu hiyo yote aende moja kwa moja kwenye kesi ya kwanza, na hapo angepoteza kila kitu. Mtumishi wa serikali anayehamishwa na familia yake, kwenda nyumba asiyoijua katika mji asioujua, hilo kila mtazamaji wa Kongo analijua mwilini. Baada ya dakika kumi tuko upande wake, na bado hajamkamata mtu yeyote.

Kisangani inampokea na mambo mawili asiyoweza kuyamaliza kwa pingu. La kwanza ni watoto wanaotuhumiwa uchawi, waliopigwa na kufungiwa, wenye makovu ambayo kamera inayaona na sisi pia. Hapo sheria iko wazi, mhusika yupo, anaweza kukamatwa. Lakini ukishamkamata aliyewatesa, watoto watalala wapi usiku huo? Nyumbani kwao hawatakiwi. Jambo la pili ni wanawake wa vita vile vya siku sita vya Juni 2000. Wanasikia kuna afisa mwanamke amekuja kwa ajili ya waliobakwa, nao wanakuja, wakiwa wamebeba miaka zaidi ya kumi na mitano ya kungoja. Wahalifu wao ni wanajeshi wa nchi nyingine walioondoka zamani. Kanali ana askari wachache na sauti ya amri. Hawezi kumkamata jenerali yeyote wa Kigali wala Kampala.

Katika fumbo la kawaida, hapa hadithi imekufa. Kwa Hamadi ndipo inaposimama wima, kwa sababu sasa tunataka kuona mtu huyu aliyenyimwa kazi yake ya kawaida atafanya nini. Anakwenda kwenye watu, anaomba mchango, anawaambia wananchi wasikae kungoja msaada wa wengine. Anawakutanisha wale wanawake na wale watoto wasio na pa kulala ndani ya nyumba moja. Wengine watasema si kazi ya polisi. Ni kweli, si kazi ya polisi, na ukitaka kujua serikali yetu imefika wapi, mtazame afisa mwenye cheo cha kanali akiomba pesa mbele ya watu. Hakuna hotuba ya mbunge iliyowahi kunieleza jambo hilo vizuri zaidi.

Nina lawama moja juu ya filamu hiyo. Ningetaka kumwona zaidi mbele ya wakubwa wake. Polisi wa Kongo ana mkuu juu yake, na mkuu huyo ana simu, na simu hiyo ina watu wanaoipiga. Dakika 72 hazikutosha, au mlango haukufunguliwa kwa kamera. Hapo ndipo televisheni ingeweza kufanya ambalo filamu ya maisha halisi haiwezi. Tamthilia inaweza kuingia ofisi ambayo kamera ya kweli inaachwa nje, na ina muda.

Muda ndio mali kubwa ya tamthilia, na tamthilia nyingi zinautapanya kwa kuongeza maiti. Waingereza wana *Happy Valley*, iliyoandikwa na Sally Wainwright, misimu mitatu ya visa sita sita. Catherine Cawood ni sajini wa polisi Yorkshire, analea mjukuu aliyezaliwa baada ya binti yake kubakwa, na binti huyo alijiua. Mbakaji tunamjua kwa sura na kwa jina tangu mwanzo. Kati ya msimu wa pili, 2016, na wa tatu, 2023, Wainwright alingoja karibu miaka saba ili mtoto anayeigiza mjukuu awe kijana wa kweli, mwenye sauti nzito na maswali yake kuhusu baba. Kuna kituo gani kwetu kingevumilia hivyo? Lakini angalia faida yake: mtoto yule anapofunga mlango wa chumba chake kwa hasira, bibi anaogopa kuliko anapokabili bunduki, nasi tunaogopa naye, maana tumemwona akikua.

Kwa upande wa Afrika tumepata majaribio. Canal+ ilitoa *Sakho & Mangane* mwaka 2019, wapelelezi wawili wa Dakar, mzee mwenye nidhamu na kijana asiyeshikika. Issaka Sawadogo, anayecheza mzee Sakho, anaweza kunyamaza kwenye kamera na ukaendelea kumtazama. Tatizo ni kwamba visa vinapenda kukimbilia mambo ya mizimu kila mtu anapokaribia kusema jambo la ndani. Nairobi ilileta *Crime and Justice* mwaka 2021, Showmax wakishirikiana na hao hao Canal+, Sarah Hassan na Alfred Munyua wakiwa wapelelezi Makena na Silas. Kila kisa kilibeba kesi yake, inayofanana na habari tunazosoma magazetini. Waigizaji ni wazuri. Ila kesi inameza saa nzima, na Makena anapata dakika zinazobaki, kama mgeni aliyekuta chakula kimekwisha. Ningemwachia kesi moja msimu mzima nione inamfanya nini.

Kinshasa tayari ilikuwa na *Viva Riva!* ya Djo Tunda wa Munga, 2010, filamu ya mwizi wa petroli wakati mji hauna petroli. Riva mwenyewe anang'aa, anacheza, anapigwa. Lakini mtu niliyetoka naye mimi ni yule afisa mwanamke wa jeshi, Kamanda, anayelazimishwa kuwasaidia majambazi na ambaye kila hatua yake ina bei. Angepewa tamthilia yake, ningeitazama kwa mshumaa.

Wageni waliokuja kupiga sinema upande wetu walitaka mto na msitu. John Huston alikuja mwaka 1951 kwa *The African Queen*, akapiga kwenye mto Ruiki, njia ya Ubundu. Fred Zinnemann akaja miaka michache baadaye na Audrey Hepburn kwa *The Nun's Story*, wakapiga Stanleyville, jina la Kisangani enzi hizo. Walipata mandhari nzuri sana. Wenyeji walipita nyuma ya kamera wakibeba mizigo.

Na hadithi zilikuwapo miaka hiyohiyo. Julai 1956, Stanleyville, karani wa posta alikamatwa baada ya kurudi kutoka ziara ya Ubelgiji, kwa kosa la kutumia fedha za posta, akahukumiwa kifungo. Alikuwa kiongozi wa chama cha Waafrika wasomi wa mji, wale waliotakiwa na wakoloni waishi kama Wazungu: meza, vitabu, suti, watoto shuleni, kwa mshahara usio wa Mzungu. Akiwa gerezani aliandika kitabu kuhusu hatima ya Kongo. Miaka minne baadaye karani huyo, Patrice Lumumba, alikuwa waziri mkuu. Watu wengi wanaipita kesi hiyo haraka, wenzake kwa aibu na maadui zake kwa furaha. Mimi naona visa vinane vya televisheni, bila fumbo hata moja. Karani tunamjua, kosa tunalijua, hesabu ya posta iko mezani. Kinachobaki ni mtu anayeandika barua kwa mwandiko safi usiku huku akijua pengo liko wapi kwenye daftari. Ni hakimu anayemhukumu kwa kosa ambalo dola yake yenyewe ililiandalia mazingira. Na ni mkewe, Pauline, anayebaki nje na watoto.

Kesi mpya nazo hazikosekani. Tarehe 2 Septemba 2025 Mahakama ya Kasesheni mjini Kinshasa ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, miaka mitatu ya kazi za nguvu kwa fedha zipatazo dola milioni 19 zilizokusudiwa kujenga gereza Kisangani. Mwenyewe alikana na kusema ni njama ya kisiasa. Fedha zenyewe zilikuwa zimetoka kwenye fidia ile ya Uganda, fidia ya watu walewale wa Juni 2000. Mtunzi wa kawaida atamfuata waziri, kwa sababu waziri ana msafara na ana sauti. Mimi ningemwacha waziri aonekane kwenye televisheni ukutani tu. Ningemtengeneza karani wa kubuni katika benki ya kubuni, anayeletewa karatasi ya kuhamisha mamilioni siku ya Ijumaa jioni, na ambaye shangazi yake wa Kisangani ana mguu wa bandia tangu vita. Je, anasaini? Anampigia nani simu? Akikataa, nani atalipa ada ya mtoto Septemba? Hapo hatuhitaji kufukuzana na magari.

Hamadi aliwafuata watu wa kweli wenye miguu ya bandia tangu vita hivyo. Filamu yake ya 2020, *En route pour le milliard*, inapanda nao mashua ya mbao hadi Kinshasa, wakishuka mto kudai haki yao, na ikawa filamu ya kwanza ya Kongo kuingia uteuzi rasmi wa Cannes. Katika safari hiyo kuna mvua, kuna njaa na kuna ugomvi wa ndani kuhusu nani azungumze kwa niaba ya wote. Watu walioumizwa hawageuki malaika, na filamu haiwaombi wawe hivyo. Waandishi wa tamthilia wanaopenda waathirika wanaolia kwa adabu wangefaidika kuitazama mara mbili.

Najua pingamizi litakalokuja: ukimfanya polisi awe mtu wa kupendeza, unamsafishia jina. Ni hofu ya haki. Mlalamikaji wa Kongo anajua kwamba kufungua kesi kuna bei, kuanzia karatasi hadi nauli ya askari atakayekwenda kumkamata mtuhumiwa. Lakini kumjua mtu si kumsamehe. Afisa wa upelelezi ambaye mshahara wake umechelewa na anadaiwa kodi ya nyumba, na mama mlalamikaji aliyekaa kwenye benchi na noti zilizofungwa kwenye kitenge, wote wawili wana haja, na ni mmoja tu mwenye muhuri. Tamthilia ikinionyesha mkono wa afisa ukielekea kwenye zile noti, nami nikiwa nimewaona watoto wake asubuhi, nitamchukia zaidi kuliko ningemwona jambazi wa kukodiwa, kwa sababu nitajua alikuwa na njia nyingine na aliiona.

Kuna mambo madogo ya hapa ambayo mtu wa nje hatayapata. Kituoni, amri hutolewa kwa Kilingala. Mama anajieleza kwa Kiswahili. PV, yaani taarifa rasmi ya maelezo yake, inaandikwa kwa Kifaransa, na mwisho mama anaweka dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kujua inasema nini. Afisa anayetafsiri ana uwezo wa kumfunga au kumwachia mtu kwa kuchagua kitenzi. Tukio hilo moja, likiandikwa na anayelijua, linabeba kisa kizima bila muziki wa kutisha. Vivyo hivyo bandari. Maporomoko ya Boyoma yanazuia mashua kupanda zaidi, kwa hiyo Kisangani ndio mwisho wa safari kutoka Kinshasa, na kila gunia linaloteremka hapo linapita mikono mingi yenye stempu. David Simon, aliyekuwa mwandishi wa habari Baltimore, na Ed Burns, aliyekuwa mpelelezi kisha mwalimu, walitumia msimu mzima wa *The Wire* kwenye gati na makuli wake. Walijua hesabu za kontena na jina la kila cheo, na ndiyo maana wizi wao ulituuma.

Ujuzi wa namna hiyo uko hapa, haujakusanywa tu. Yuko afisa wa upelelezi aliyestaafu anayekumbuka kesi zilizozimwa na simu moja. Wako makarani wa mahakama, mawakili wachanga wanaolipwa kwa kuku, na akina mama waliokaa kwenye yale mabenchi hadi wakajua ni afisa yupi anakuja kazini baada ya saa nne. Kituo kitakachotaka kutengeneza tamthilia ya uhalifu ya jimbo letu la Tshopo kitaanza, nadhani, kwa kutafuta mwigizaji maarufu wa Kinshasa na gari jeusi. Mimi ningewalipa kwanza hao wenye ujuzi miezi sita wakae chumba kimoja na waandishi, kabla ya kukodi kamera hata moja.